Gavana mwenye cheo, walowezi wenye mfuko

Hamjambo jamani huko nyumbani? Leo nipo Boston, Marekani, mtaa wa State. Ngoja nigeuze kamera. Mnaliona lile jengo la matofali lililobanwa na maghorofa? Ndilo Old State House, la mwaka 1713. Humo ndani, enzi hapa pakiwa koloni la Massachusetts, gavana wa Mfalme wa Uingereza na wabunge waliochaguliwa na walowezi walifanya kazi ghorofa moja.

Sasa nani alikuwa bosi? Gavana aliteuliwa London, lakini mshahara wake walipitisha wale wabunge, tena kwa hiari yao. Gavana William Burnet alikuja 1728 na agizo la kudai mshahara wa kudumu. Wakagoma. Akahamishia bunge Salem ili wachoke, wapi! Akafariki mwaka uliofuata hajaupata.

Na London? Ilifumba macho makusudi. Waziri Mkuu Robert Walpole aliona biashara inaingiza hela, ya nini kuchokonoa? Mwaka 1733 Bunge la Uingereza liliweka ushuru wa peni sita kwa kila galoni ya molasi (shira ya miwa) kutoka visiwa vya kigeni, kama vya Wafaransa. Wafanyabiashara wa hapa wakawahonga watu wa forodha, mzigo ukapita, ukapikwa ramu. (Molasi hiyo ni jasho la Waafrika watumwa kule Karibi. Hao hakuna aliyewauliza habari za kujitawala.)

Vita na Ufaransa vikaisha 1763, Uingereza ina madeni hadi shingoni. Mwaka 1764 ule ushuru wa molasi ukashushwa hadi peni tatu, na watu wakawaka! Mnashangaa? Safari hii ulikuwa wa kukusanywa kweli. Mwaka uliofuata ikaja kodi ya stempu, hadi kwenye magazeti na karata. Walowezi wakasema: kodi zetu tunapanga wenyewe, tangu enzi za babu zetu.

Tanganyika Mwingereza huyohuyo hakuacha mwanya hivyo. Wazee wetu walianza kupiga kura ya Baraza la Kutunga Sheria 1958, miaka mitatu tu kabla ya uhuru.

Hapa Boston, baada ya walowezi kumwaga shehena ya chai baharini 1773 kupinga kodi, London ilikataza mwaka 1774 zaidi ya mkutano mmoja wa mji (wakazi kukaa na kuamua mambo yao) kwa mwaka bila ruhusa ya gavana. Watu wa Boston wakamjibu Gavana Gage: sisi hatuitishi mkutano mpya, tunaendelea na ule tulioahirisha. Gage akalalamika kwamba kwa mtindo huo mkutano mmoja utafika miaka kumi. Haikufika hata mwaka: Aprili 1775 bunduki zikalia Lexington, mji wa jirani, na vita vya uhuru wa Marekani vikaanza.