Kitafuta-samaki cha Ziwani: Anza na Ziwa, Si na Wati

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wenye mitumbwi na vijana, habari za mwaloni?

Nimeombwa niseme kitafuta-samaki kipi kinawafaa, yaani kile kifaa kinachotuma sauti majini na kuchora kwenye kioo mwangwi unaorudi. Nitaanza na ziwa, kwa sababu mwenye duka ataanza na wati, yaani nguvu ya kifaa, na hapo ndipo fedha ya mvuvi inapopotea.

Ziwa Victoria ni pana, lakini si refu kwenda chini. Kina chake kwa wastani ni kama mita 40, na penye kina kuliko kote ni mita 80 na kidogo. Isitoshe, maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, na sauti haififii humo upesi kama katika maji chumvi. Kwa hiyo mawimbi ya sauti ya kilohezi 200 (kilohezi ni kipimo cha wepesi wa mtetemo wa sauti) yanafika chini na kurudi vizuri. Anayekusukumia kifaa ghali cha kilohezi 50 kwa ajili ya kina, anakuuzia kifaa cha bahari.

Wa Kigoma watasema Tanganyika inapita mita 1,400. Ni kweli. Lakini oksijeni ya ziwa lile haivuki mita 200 hivi, na upande wa kaskazini huishia juu zaidi. Dagaa na migebuka wote wako huku juu. Msilipie kina kisicho na samaki.

Wati nazo ziulizeni vizuri. Boksi moja limeandikwa 4,000, jingine 500, kumbe nguvu ni ileile: moja limehesabu kilele cha wimbi hadi kilele, la pili limehesabu wastani. Tofauti ya hesabu hizo ni mara nane.

Ninalotaka tukae nalo ni upana wa sauti. Transdusa, yaani kile kichwa kinachozama majini, hutoa sauti inayotanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Yenye nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30, inaona duara la mita 10 na nusu. Yenye nyuzi 60 inaona karibu mita 35. Anayetafuta kundi la dagaa, ile pana inamfaa, maana anataka kujua tu kama wapo na wako kina gani. Lakini sangara aliyejibanza kwenye mwamba anahitaji nyembamba. Ile pana hurudisha kwanza kichwa cha mwamba, na samaki aliye bondeni kando yake hafahamiki. Mwenye uwezo achukue yenye zote mbili.

Na nawasihi, zimeni vile vipicha vya samaki vinavyotokea kwenye kioo. Kifaa hakimjui samaki. Kinapokea mwangwi, na sehemu kubwa ya mwangwi huo inatoka kwenye kibofu chake cha hewa. Mapovu yakipanda kutoka kwenye tope, nayo yatachorewa kisamaki. Jifunzeni kusoma upinde wenyewe, ule mstari uliopinda ambao mwangwi wa samaki huchora kwenye kioo. Upinde mrefu maana yake samaki amekaa muda mrefu ndani ya sauti. Ukubwa wake utafuteni kwenye unene na rangi.

Kuna kitu kingine kioo kinaonyesha ambacho wengi wanakipuuza: mstari hafifu katikati ya maji. Ongezeni usikivu taratibu mpaka utokee. Pale maji ya juu yenye joto yanakutana na ya chini yaliyopoa, na chini yake mara nyingi oksijeni ni haba. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa kusi huyachanganya maji na mstari unapotea. Miezi ya mvua unarudi, na nyavu ikitegwa chini yake inalala bure. Kwangu mimi, mstari huo peke yake unalipa bei ya kifaa.

Naona mkono pale nyuma. Unauliza kama transdusa inaweza kufungwa ndani ya mtumbwi isiibwe. Hapana, kaka yangu. Faiba ngumu isiyo na uwazi hupitisha sauti, lakini mbao ina hewa ndani yake, sauti inafia humo. Ifunge kwenye mti ubavuni, mbali na mapovu ya pangaboi, ukirudi mwaloni uing'oe uende nayo nyumbani.

Ramani zinazokuja na vifaa hivi nyingi ni za Marekani na Ulaya. Chukueni kinachochora kina chenyewe mnavyopita. Betri ya volti 12 inatosha, ila isiwe ile ya taa za dagaa, maana taa za LED huleta michirizi kwenye kioo.

Haya, karibuni kwa maswali.