Ukishika maiki mbele ya afande

Asanteni, kaeni, kaeni. Wengi wenu hapa ni ma-MC, mnasimamia kwanjula (ile sherehe ya kutambulishana na wakwe), harusi, mazishi, na hapa kwetu Uganda sherehe nyingi hazikosi mtu wa jeshi amekaa pale viti vya mbele, sasa nimeombwa niwaambie huyo mtu anaitwaje. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa bado mgeni na maiki, nikapewa karatasi imeandikwa Meja Jenerali fulani, na mimi na haraka zangu nikapaza sauti, "tumkaribishe Meja wetu!" Hema lote kimya. Mzee hakusema kitu, alirekebisha tu kofia, lakini yule kijana wake wa ulinzi alinitazama mpaka soda ikanikwama kooni. Maana kutoka Meja unapanda Luteni Kanali, halafu Kanali, halafu Brigedia, ndo ufike Meja Jenerali, yaani nilimshusha mtu ngazi nne mbele ya wakwe zake!

Sasa sikieni. Ukimtambulisha kwa watu soma cheo chote kama kilivyo, usikate kitu. Ukiongea naye uso kwa uso hapo unaweza kufupisha, Luteni Kanali unamwita Kanali, Meja Jenerali na Luteni Jenerali wote unawaita Jenerali, unabakiza lile neno kubwa, si kama mimi nilivyobakiza dogo. Na RSM wa kambi, yaani Sajini Meja wa kikosi, hata kama hiyo M ya mwisho ni meja, yeye si Meja, Meja ni ofisa, huyu mwite RSM tu inatosha. Vijana wa nyota begani ni rahisi: moja ni Luteni wa pili, mbili Luteni, tatu Kapteni.

Haya, afande. Hili neno tumelizoea hadi kwa polisi wa barabarani, lakini asili yake ni Kituruki, efendi, kama kusema bwana. Wakati wa mkoloni kwenye KAR, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, lilikuwa cheo kabisa, cha Mwafrika, Idi Amin mwenyewe alikipata 1959 kabla hajafanywa Luteni 1961. Leo si cheo, ni heshima tu, kwa hiyo kwa mdomo sema afande hata mara mia, mwanamke pia ni afande (msimwite nyabo, yaani bibi, akiwa ndani ya yunifomu jamani), lakini kwenye programu iliyochapishwa usiandike Afande pale panapotakiwa cheo. Na saluti achaneni nayo, wewe ni raia.

Aliyestaafu cheo chake anabaki nacho, unaongeza tu neno mstaafu. Akiwa na udaktari cheo cha jeshi kinatangulia, si mnasikia redioni, Kanali mstaafu Dokta Kizza Besigye.

Naona mkono kule nyuma... eeh, anauliza kama hujui cheo kabisa na karatasi hukupewa? Nenda kwa walinzi wake kabla hujashika maiki, uliza taratibu, "afande, mkubwa wetu tumtaje vipi?" Watakwambia, wengine hata watakuandikia. Mimi siku ile yule kijana wa ulinzi nilikuwa nimekaa naye meza moja, tunakula pilau, na sikumuuliza.