Maji Ndani ya Mrija: Kutunza Mashine za Masikio Hapa Pwani

Mazungumzo na watumiaji wapya wa mashine za nyuma ya sikio na jamaa zao, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Habari za asubuhi ndugu zangu mliowasindikiza. Nitasema taratibu huku nikiwatazama, kwa hiyo yeyote wa nyuma ambaye hauoni mdomo wangu vizuri asogee. Viti vya mbele vipo.

Zile takwimu mnazisikia kila tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Siongezi hapo. Ninyi mmeshapimwa, mmeshachukuliwa vipimo vya sikio, na leo mmekabidhiwa mashine. Shida yangu mimi inaanzia hapa. Baada ya miezi michache nitaikuta mashine nzima kabisa imefungwa kwenye kitambaa, imewekwa chini ya mto, mwenyewe ameshakata tamaa. Nikiuliza, naambiwa imekufa. Haijafa! Ina maji.

Nimelisema hili kila mahali ninapoitwa na nitalisema tena leo mpaka liwakae.

Itoeni mkaitazame. Kile kipande kinachokaa nyuma ya sikio ndicho chenye maikrofoni, kikuza sauti na betri. Sauti ikishakuzwa inatokea kwenye ile ndoana ngumu inayopita juu ya sikio, inaingia kwenye mrija laini, inashuka hadi kwenye moldi, yaani kile kipande kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe. Ndani ya mrija huo hamna waya wala kitu kingine, ni hewa tupu, na sauti inapita kwenye hewa hiyo. Upana wa tundu lake haufiki hata milimita 2. Tone moja la maji likikaa kwenye kona ya mrija, njia imezibwa, na mashine iliyo nzima inakuwa bubu.

Tone linatoka wapi, wakati hukuimwagia maji? Linatoka kwako. Sikio lina joto na unyevu. Hewa yake inapanda kwenye mrija, na mrija ukiwa na ubaridi kuliko sikio, mvuke ule unageuka maji. Ukiingia benki penye kiyoyozi, ukitoka nje alfajiri, ukikaa mbele ya feni, maji yanajikusanya. Ongeza jasho la kaskazi linaloteremka nyuma ya sikio, ongeza masika, ongeza hewa yetu hii ambayo hata chumvi mezani inashikana. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi haikuandikwa na mtu anayeishi Tanga.

Kuna mzee mmoja, fundi seremala, alikuja akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Mashine ya kushoto ilikuwa kimya wiki kadhaa. Walishazunguka. Dukani walibadilisha betri, tena na tena, pakiti nzima ikaisha. Mahali pengine waliambiwa kifaa kimeungua na wanunue kingine, na binti alikuwa ameanza kuulizia bei ya mbuzi wawili wa baba yake. Nikaishika mashine dirishani, kwenye mwanga. Kwenye kona ya mrija, pale unapopinda kuingia kwenye moldi, kulikuwa na tone linalong'aa, si kubwa kuliko punje ya mtama. Nilipoinamisha, likateleza kidogo, likarudi. Nikamwita binti atazame. Nikauchomoa mrija kwenye ndoana, nikachukua kile kipulizio cha mpira, nikabana mara tatu, tone likaruka mezani. Nikaurudisha mrija, nikaifumbata mashine kiganjani, ikapiga mluzi. Mluzi ule wa kiganjani maana yake ni kwamba sauti inatoka. Mzee akavaa, nikamwita kutoka nyuma yake akageuka.

Hakufurahi, alikasirika. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia siku ya kwanza. Nami nauliza hivyo hivyo mpaka leo. Mtu anapewa kifaa cha thamani yote hii, anasainishwa, anapigwa picha, halafu anarudishwa nyumbani bila kuonyeshwa jinsi ya kutoa tone la maji.

Basi fanyeni hivi kila usiku. Ifute mashine kwa kitambaa laini kikavu. Fungua mlango wa betri, uuache wazi, hewa ipite na betri isiliwe bure. Kisha tazama mrija kwenye mwanga. Ukiona maji, shika ndoana kwa mkono mmoja, mrija kwa mkono mwingine, vuta taratibu, puliza kwa kile kipulizio. Usipulize kwa mdomo. Najua ndivyo mnavyofanya, nimewaona. Pumzi yako nayo ina unyevu, kwa hiyo unatoa maji na kuingiza mengine.

Halafu weka mashine kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyonyonya unyevu. Kliniki tunavyo. Vinafanana na vile mnavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Betri itoe kwanza, kwa sababu ukavu ule unaiharibu. Vifuko vikae mbali na watoto.

Kuna atakayesema simu yake ilitumbukia majini akaiweka kwenye mchele ikapona. Mchele una vumbi, na vumbi hilo linaingia kwenye matundu ya maikrofoni. Mwingine ataianika juani, juu ya bati. Bati la saa saba mchana linaharibu plastiki na betri kwa pamoja. Kopo na vifuko vinatosha.

Na hapa wengi wetu tunaswali, kwa hiyo niseme la udhu, maana kwenye ile karatasi halimo. Kabla ya udhu, mashine zote mbili zinatoka na zinaingia kwenye kikopo kikavu mfukoni. Usiziweke ukingoni mwa birika, nimeshaona zikitumbukia. Ukimaliza kupaka masikio, yakaushe kwa kitambaa, ndani mpaka pale kidole kinapofika na nyuma yote, ndipo uvae. Mtu atasema ni usumbufu, mara tano kwa siku. Ni usumbufu, kweli. Lakini anayevaa juu ya sikio lililolowa anaingiza maji mara tano kwa siku, halafu mwezi wa pili ananiletea kifaa chenye kutu kwenye vibati vya betri. Kutu siwezi kuipuliza. Kuoga na bahari ni hivyo hivyo, na marashi, mafuta ya nywele na piko vimalizwe kabla ya kuvaa.

Moldi peke yake ndiyo inayooshwa. Ukishaitenga na mashine, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, toa nta kwenye tundu, puliza mrija, iache ikauke usiku kucha. Spiriti hapana. Kuirudisha, angalia rangi: nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto. Mrija ukiwa mgumu na wa manjano, au una ufa, njooni tubadilishe. Msisubiri mwaka. Miezi mitatu mpaka sita kwa joto letu ndiyo maisha yake.

Naona muda, wenye ukumbi wameanza kunitazama. Betri, kwa haraka. Hizi zinatumia hewa. Ukibandua kile kibandiko, subiri dakika chache kabla ya kuifunga ndani, ipate hewa vizuri. Ukishabandua imeanza kazi, kukibandika tena hakuirudishi nyuma. Mashine nyingi za nyuma ya sikio zinatumia namba 13, kibandiko cha chungwa, au 675, cha buluu. Angalieni yenu kabla ya kwenda dukani. Na mtoto akimeza betri, hospitali saa ile ile, msingoje itoke yenyewe. Inachoma koo.

Mluzi ukiwa sikioni wakati wote, moldi haijakaa vizuri, au sikio lina nta, au moldi imelegea. Msiupunguze kwa kupunguza sauti, mtabaki na kifaa kisichowasaidia. Kina mama, mtandio ukiibana mashine inaweza kupiga mluzi, na ukisugua maikrofoni mtasikia mkwaruzo. Legezeni kidogo pale nyuma ya sikio. Pamba za vijiti msiingize sikioni, zinasukuma nta ndani.

Kuzoea nako nilitaka kukueleza kirefu. Siku za mwanzo sahani zitakuwa na kelele, feni itakuwa na kelele, sauti yako mwenyewe itakuwa ngeni. Ubongo haujasikia vitu hivyo kwa miaka, unahitaji wiki kadhaa. Anza nyumbani, saa chache, mtu mmoja mbele yako. Sokoni na kwenye daladala baadaye. Nanyi jamaa, msimpigie kelele sikioni. Mashine imeshakuza, ukelele wenu unaikwaruza sauti. Njooni mbele yake, mumtazame, mseme kawaida.

Wenye watoto wadogo wabaki. Sikio la mtoto linakua na moldi haikui, hilo lina mpango wake na tarehe zake tutazipanga mmoja mmoja. Wengine wote njooni kwenye meza ile ya dirishani na mabeseni yake. Kila mzee atautoa mrija kwa mkono wake, apulize, aurudishe, avae, mbele yangu. Wajukuu mtakaa pembeni na mtatazama tu. Mjukuu atarudi shule Jumatatu, na tone la maji litaingia Jumanne.