Juni 19 ni sikukuu gani? Nawajibu, ila msiseme naringa

Haya wadau, kila mwaka nikiposti niko nyumbani Juni 19 komenti ni ile ile, "kaka hiyo sikukuu ya nini, si Rais Lincoln wa Marekani alishawaachia watumwa zamani?" na wengine eti najimwambafai na mapumziko. Mapumziko gani jamani! Mimi nabeba maboksi kwenye godauni hapa Houston, Texas, nalipwa kwa saa, wakifunga sipati hata senti na mwenye nyumba hanipunguzii kodi.

Sasa sikilizeni. Lincoln alisaini amri ya kuwaachia watumwa Januari 1, 1863, vita vya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga vimepamba moto, na alisaini kama amiri jeshi mkuu, kwa hiyo iliyahusu majimbo yaliyoasi tu. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa na watumwa ila hayakuasi, hayamo. Hata Tennessee na New Orleans, ambako jeshi lake lilishafika, akayaacha. Yani sehemu nyingi ambazo amri ilizitaja, bado zilikuwa mikononi mwa waasi.

Ila msikimbilie kusema ilikuwa geresha. Jeshi liliamriwa kutambua na kulinda uhuru wa watu hao, kwa hiyo lilivyosonga mbele na uhuru ukasonga, watu wanatoroka mashambani wanalifuata. Na weusi wakafunguliwa mlango wa jeshini, karibu 180,000 wakavaa sare. Sasa hela: mweupe dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, na humo anakatwa 3 za nguo! Kikosi cha 54 cha Massachusetts kikagoma kabisa kupokea, mpaka Bunge likarekebisha mwaka 1864.

Na kuna hii inaniudhi kuliko zote. Aprili 1862, kabla ya amri yenyewe, watumwa wa mji wa Washington waliachiwa kwa sheria, na serikali ikawalipa mabwana mpaka dola 300 kwa kichwa. Aliyelimishwa bure je? Mpaka dola 100, tena akikubali kuhama nchi.

Huku Texas jeshi la Kaskazini, yani la Lincoln, lilikuwa halijashika, mpaka mabwana wa majimbo mengine wakawa wanahamishia watumwa wao huku. Na hapa ndo sikukuu ilipotoka: Juni 19, 1865 Jenerali Gordon Granger wa jeshi hilo akatangaza pale Galveston, siyo mbali na kwangu, kwamba watumwa wa Texas wako huru. Miaka miwili na nusu imepita tangu amri isainiwe! Mimi kibali changu cha kazi kilishapitishwa, barua ninayo mkononi, bosi anasema hataki barua anataka kadi, nikakaa nadaiwa kila kona. Sijilinganishi na mtumwa, msinitukane, nasema tu hasira ya karatasi iliyosainiwa halafu haifanyi kazi naijua.

Kentucky na Delaware wao wakasubiri mpaka Desemba 1865, katiba ilivyobadilishwa kupiga marufuku utumwa, na hapo napo wakaacha kipengele kwamba mfungwa anaweza kutumikishwa. Wafungwa wengi wa Texas mpaka leo wanafanya kazi bila malipo, mtaniambia nyie hiyo tuiiteje.

Kwa mnaokuja, kila mtu na njia yake, mimi nasema ya kwangu tu: Juni 19 ni sikukuu ya serikali kuu tangu 2021, ofisi zao zinafungwa, kwa hiyo mambo ya vibali yapangie siku nyingine. Na kwenye kazi ya saa, uliza kabisa kabla hujasaini kama sikukuu inalipwa.