Kabla Wakili Hajasimama Albany: Rufani Inavyofika na Kusikilizwa Katika Mahakama ya Mwisho ya New York

Ndugu wanasheria, wanafunzi wa sheria, na nyote mnaofuatilia kesi za huko kupitia mtandao, karibuni.

Tuanze na jina, kwa sababu jina limewapoteza wengi. Ukisikia "Mahakama ya Juu ya New York", usidhani umefika kileleni. Katika jimbo hilo, jina hilo ni la mahakama inayosikiliza kesi mara ya kwanza, yenye mashahidi, vielelezo na juri, yaani wananchi wanaoamua ukweli wa kesi. Juu yake ipo Divisheni ya Rufani, yenye idara nne. Kilele chenyewe kinaitwa Mahakama ya Rufani, nacho kiko mji wa Albany, namba 20 Mtaa wa Eagle. Mtanzania atalielewa hili haraka, kwa kuwa Mahakama ya Rufani ndiyo ya mwisho kwetu pia, tangu 1979. Mkenya ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu, maana tangu Katiba ya 2010 juu ya Mahakama yake ya Rufani kuna Mahakama ya Juu.

Majaji wake ni saba. Gavana huwateua, Seneti ya jimbo huwathibitisha, na muhula ni miaka 14, ingawa wengi hulazimika kustaafu mapema zaidi kwa sababu ya ukomo wa umri wa miaka 70. Jaji Mkuu tangu 2023 ni Rowan Wilson. Akidi ni majaji watano, na hakuna uamuzi bila majaji wanne kukubaliana.

Kesi haifiki hapo kwa sababu tu aliyeshindwa hajaridhika. Katika madai, mlango wa rufani isiyohitaji ruhusa uko wazi kwa wachache: kwa mfano, pale majaji wawili wa Divisheni ya Rufani walipotofautiana na wenzao juu ya hoja ya sheria, wakiwa upande wa anayekata rufani. Wengine wote huomba ruhusa ndani ya siku 30 tangu kukabidhiwa amri pamoja na taarifa kwamba imesajiliwa. Ombi likifika Albany, majaji wawili kati ya saba wakitaka kulisikiliza, ruhusa imepatikana. Katika jinai, jaji mmoja tu ndiye anayeamua. Wakili huandika barua ya maombi, na barua hiyo hupangiwa jaji mmoja. Hapa kuna mtego: kwenye jinai unachagua mlango mmoja, jaji wa Divisheni au jaji wa Albany. Ukikataliwa kwenye ule uliouchagua, huwezi kwenda kubisha ule mwingine.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo linaloua rufani nyingi, nalo hutokea miaka kadhaa kabla ya siku ya Albany. Mahakama hii, isipokuwa katika mashauri machache, huamua maswali ya sheria tu. Na kwa sheria ya jinai ya New York, swali la sheria huzaliwa pale tu wakili alipopinga jambo mbele ya jaji wa kwanza, wakati jaji huyo bado ana nafasi ya kulirekebisha. Kama hakupinga, hakuna swali la sheria. Divisheni ya Rufani inaweza kuliangalia kosa kama hilo kwa ajili ya haki. Mahakama ya Rufani haina uwezo huo hata ikitaka.

Tazameni linavyokuwa mahakamani. Upande wa mashtaka umefunga ushahidi. Wakili wa utetezi anasimama na kusema, "Naomba mashtaka yafutwe, kesi haijathibitishwa." Jaji anasema, "Ombi limekataliwa." Wakili anakaa, akiamini amelinda haki ya mteja wake. Hajailinda. Katika shauri la People (jina la upande wa mashtaka) dhidi ya Gray la 1995, suala lilikuwa kama mshtakiwa alijua uzito wa dawa za kulevya alizokuwa nazo, jambo ambalo wakati ule upande wa mashtaka ulipaswa kulithibitisha. Mahakama ilisema ombi la jumla halitoshi. Wakili alitakiwa aseme wazi: hakuna ushahidi kwamba mshtakiwa alijua uzito. Bunge la jimbo baadaye lilibadilisha sheria hiyo ya uzito, lakini kanuni ya pingamizi mahususi ipo hadi leo. Na kuna hatua ya pili ambayo husahaulika: utetezi ukileta mashahidi wake baada ya ombi kukataliwa, ombi lazima lirudiwe mwisho wa ushahidi wote. Sentensi moja tu, lakini isiposemwa mtu anaweza kukaa gerezani miaka kwa hoja nzuri ambayo hakuna jaji wa Albany anayeweza kuigusa.

Yapo makosa machache yanayosamehewa pingamizi, yale yanayovunja mfumo wenyewe wa usikilizwaji. Mfano unaotajwa mara nyingi ni O'Rama, shauri la 1991: juri inapomwandikia jaji karatasi yenye swali la maana, mawakili wanapaswa kuonyeshwa maneno yenyewe kabla jaji hajajibu. Msiutegemee mlango huu. Mahakama imeufanya mwembamba.

Kuna kikwazo kingine kinachofanana na hicho. Maswali kama "je, polisi alikuwa na sababu ya kutosha kumsimamisha huyu mtu?" huhesabiwa kuwa mchanganyiko wa sheria na ukweli wa mambo. Hapo Albany huuliza tu kama mwenendo wa shauri (kumbukumbu za kesi ya chini) una ushahidi wowote unaobeba uamuzi wa chini. Ukiwepo, rufani inakwisha kwa aya chache, hata kama majaji wenyewe wangeamua vingine.

Ruhusa ikipatikana, kazi kubwa ni ya maandishi. Katika utaratibu wa kawaida, mrufani ana siku 60 za kuwasilisha hoja zake, mjibu rufani 45, na majibu ya mrufani 15. Ukomo ni maneno 14,000 kwa hoja kuu na 7,000 kwa majibu. Kwenye jalada la nje la hoja hizo, pembe ya juu kulia, huandikwa jina la wakili atakayesimama na dakika anazoomba. Kiwango cha juu ni dakika 30 kwa kila upande, lakini mahakama ndiyo inayogawa, na mara nyingi hugawa pungufu. Wakili aliyeandaa hotuba ya nusu saa atajikuta hana pa kuisomea.

Kalenda ya kikao ikitoka, isomeni hivi. Jina likianza na People, kwa kawaida hiyo ni jinai, na neno hilo hubaki mbele hata kama mrufani ni mshtakiwa. Kwa hiyo angalieni nani amekata rufani. Likianza na Matter of, mara nyingi ni shauri la kupinga uamuzi wa chombo cha serikali, au la familia. Mahakama hutoa pia muhtasari wa kila kesi. Someni kwanza ni jaji gani alitofautiana na wenzake katika Divisheni ya Rufani na kwa nini, maana maswali ya majaji mara nyingi huchimbukia hapo.

Siku yenyewe, majaji saba huketi katika ukumbi wa mbao za mwaloni zilizochongwa, uliobuniwa na msanifu H. H. Richardson kwa ajili ya mahakama hii ndani ya jengo la Bunge la jimbo, kisha ukahamishiwa Mtaa wa Eagle. Wakili wa mrufani hujitambulisha na kuomba ahifadhi, tuseme, dakika mbili za kujibu. Asipoomba hapo mwanzo anaweza kuzikosa. Mara nyingi swali la kwanza humfika kabla hajamaliza sentensi ya pili. Jibu linalofaa huanza na "ndiyo" au "hapana", kisha sababu, kisha ukurasa wa mwenendo wa shauri. Wanaoharibu husema "nitalifikia hilo baadaye", na jaji hasubiri. Wengine huulizwa, "Kanuni yako inaishia wapi?" wakakosa mpaka wa kuutaja, na jaji aliyekuwa karibu kuwaunga mkono akaanza kuogopa kesi kumi zijazo. Wengine wanasahau kusema wanataka nini: usikilizwaji mpya, au mashtaka kufutwa kabisa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo inaweza kuamua kura ya nne.

Kuna desturi ya mahakama hii inayonipa imani nayo. Baada ya usikilizwaji, majaji huokota kadi zilizofunikwa, kila moja ikiwa na jina la kesi. Kadi uliyoiokota ndiyo kesi utakayoiwasilisha kwenye mkutano wa majaji. Kwa kuwa hakuna ajuaye kadi yake mapema, wote saba hulazimika kusoma kesi zote. Kwa hiyo wakili asimwelekee jaji mmoja anayemdhania mtaalamu wa eneo hilo.

Usikilizwaji hurushwa moja kwa moja na kuhifadhiwa kwenye tovuti ya mahakama pamoja na maandishi yake. Kwa mwanafunzi, chukua kesi moja, soma hoja za pande zote mbili, andika maswali matano ambayo wewe ungeuliza, ndipo utazame.

Uamuzi ukitoka, ombi la kusikilizwa upya lina siku 30, na ni nadra kukubaliwa. Mwenye hoja ya katiba ya shirikisho iliyotolewa tangu chini anaweza kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, ndani ya siku 90. Zihesabuni tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, au ya kukataliwa ombi la kusikilizwa upya kama liliwasilishwa kwa wakati, si tangu siku jalada liliporudishwa mahakama ya chini.