Kutua Ndege Upepo Unapovuma Kutoka Ubavuni

Ndugu wanafunzi wa urubani na walimu wenzangu, nimeombwa nizungumzie jambo linalowakwamisha wengi wanapokaribia kuruhusiwa kuruka peke yao, yaani kutua wakati upepo unavuma kutoka ubavuni. Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo si mikono mizito, bali ni kuacha kuiongoza ndege mapema mno.

Tuchukue uwanja wa Zanzibar, ambao njia yake ya kurukia imelala kaskazini na kusini, na kwa hiyo huitwa 36 na 18, yaani nyuzi za dira zikigawanywa kwa kumi. Kaskazi ikivuma kutoka kaskazini-mashariki kwa noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa, hukutana na njia hiyo kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na takriban noti 10 za nguvu yake huisukuma ndege kando. Kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni, lakini tarakimu hiyo si mpaka wa kisheria wala si ahadi. Ni upepo ambao rubani wa majaribio alidhihirisha kwamba ndege inaweza kutua nao. Yeye alikuwa rubani wa majaribio, ninyi bado.

Mnapoikabili njia, pua huelekezwa kidogo upande upepo unakotoka, kama nahodha anayekata mkondo, na ndege huenda mshazari huku ikibaki juu ya mstari wa katikati. Hapo wengi hawana shida. Shida huanza karibu na ardhi, kwa sababu magurudumu hayakuundwa kuburutwa kando, na kwa hiyo pua sharti inyooshwe kabla ya kugusa. Mguu hukanyaga pedali ili kuinyoosha pua, na papo hapo mkono huinamisha bawa la upande wa upepo ili ndege isipeperushwe. Mwili hulikataa jambo hili, kwa kuwa tangu somo la kwanza mwanafunzi amezoeshwa kukata kona kwa mkono na mguu wa upande mmoja, na sasa anatakiwa kuvipinganisha.

Kadiri mwendo unavyopungua, vibao vya mabawa vinavyoongozwa kwa mkono na usukani wa mkia unaoongozwa kwa pedali hupata hewa kidogo, hivyo huhitaji kusogezwa zaidi. Gurudumu la upande wa upepo hutangulia kugusa, hufuata la pili, kisha la pua. Mwanafunzi akisikia mguso wa kwanza hushusha pumzi, hulegeza mkono, na upepo huliinua bawa lile lile alilokuwa amelishikilia. Mkono ulipaswa kuendelea kuelekea upande wa upepo hadi ukomo wake.

Sisi walimu tuna sehemu yetu, maana tunapenda kupanga masomo alfajiri, upepo wa bahari ukiwa bado haujaamka. Ni afadhali mwanafunzi apelekwe mchana, aruke kwa kimo cha chini kando ya mwalimu juu ya njia nzima bila kutua, ashike mstari tu.

Na ikiwa pedali imefika mwisho na pua haijanyooka, upepo umeizidi ndege: ongeza nguvu ya injini, upae tena. Dar es Salaam ina njia mbili, na ile ya 05 karibu inalingana na kaskazi, ilhali Zanzibar ina moja tu. Basi mafuta ya kurudi Dar es Salaam yahesabiwe kabla ya kuondoka.