Yamaha R7 mpya kwenye barabara ya Magadi

Zuhura: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunaizungumzia Yamaha YZF-R7, ambayo wengi huiita R7 tu, pikipiki ya michezo iliyozinduliwa mwaka 2021. Mwenzangu Mutua ameichukua ikiwa mpya na kuipeleka kutoka Nairobi hadi Magadi. Mutua, nakwambia mapema kwamba mimi bado nashikilia kuwa barabara zetu haziwafai waendeshaji wa pikipiki za namna hii, kwa hiyo una kazi ya kunishawishi.

Mutua: Asante, dada Zuhura. Watu wakiiona pikipiki ya aina hii huuliza inakimbia kiasi gani, lakini mimi kilichonishika kwanza ni jinsi inavyoukunja mwili. Usukani ni vishikio viwili vilivyofungwa chini kabisa kwenye uma wa mbele, kiti kiko milimita 835 kutoka ardhini, na vikanyagio vimesogezwa nyuma na juu. Ukishakaa, kifua kinalielekea tangi na uzito wote wa kiwiliwili unaangukia viganja vya mikono. Kabla ya kufika Ongata Rongai nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mkao huu unahitaji kujifunzwa, hata na mtu aliyeendesha pikipiki nyingine kwa miaka mingi.

Zuhura: Na Rongai tunaijua: matatu zinasimama popote, bodaboda wanapita kila upande.

Mutua: Hapo ndipo penye mtihani mgumu. Ukienda kasi ya wastani barabarani, upepo unakisukuma kifua na mikono inapata nafuu, lakini kwenye msongamano hakuna upepo, kwa hiyo viganja vinabeba kila kitu huku vidole vikifanya kazi ya klachi na breki. Isitoshe, usukani haukati sana, na kugeuza kwenye barabara nyembamba kunataka nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Dawa niliyoiona ni kulibana tangi kwa magoti na kukaza tumbo na mgongo, ili mikono ibaki milegevu. Faida yake si kuepuka maumivu peke yake, kwa sababu mikono ikikakamaa pikipiki inakuwa nzito kuingia kwenye kona.

Zuhura: Na matuta je? Shokapu ngumu na matuta ya Kiserian havipatani hata kidogo.

Mutua: Hapo nakubaliana nawe. Tuta lisilo na rangi wala alama linapiga mpaka kwenye uti wa mgongo. Niliyavuka nikiwa nimejiinua kidogo kwenye vikanyagio, na kwa bahati nzuri pikipiki hii ina kilo 188 ikiwa imejaa mafuta, kwa hiyo si nzito ya kukushinda.

Zuhura: Basi niambie kuhusu injini, maana wapo wanaoidharau kwa kuwa ina silinda mbili tu.

Mutua: Wanaoidharau hawajaiendesha kwenye mwinuko wetu. Hii ni injini ya 689 cc, ile ile iliyo kwenye MT-07, pikipiki nyingine ya Yamaha, na inatoa nguvu za farasi zipatazo 73. Krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo milipuko ya silinda hizo mbili haipishani kwa nafasi sawa, na ndiyo sababu mngurumo wake ni wa kudunda badala ya kuwa mlio mmoja mwembamba. La maana zaidi ni kwamba uwezo wake wa kuvuta unafikia kilele kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, na chini ya hapo tayari unavuta vizuri. Sasa fikiria: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza sehemu ya nguvu zake. Pikipiki ya silinda nne ya 600 cc, ambayo utamu wake uko juu ya mizunguko 10,000, inakuwa goigoi kwenye mizunguko ya chini tunayoitumia sisi. Tena ikiwa mpya unatakiwa usiizungushe sana kwa kilomita 1,000 za kwanza, kwa hiyo utamu huo hutauonja kabisa. R7 unaweza kuiendesha kwa upole huo na bado ukaifurahia.

Zuhura: Ukiteremka kuelekea Magadi, ulisikia tofauti?

Mutua: Nilisikia. Kutoka Corner Baridi barabara inaporomoka kwenye Bonde la Ufa, na Magadi yenyewe iko karibu mita 600 tu. Joto la kule nalo huifanya hewa kuwa nyepesi, lakini kushuka zaidi ya mita elfu moja kunalishinda joto hilo, na injini inapumua kwa urahisi zaidi. Ukifungua mafuta kwenye gia ya nne baada ya Olorgesailie, inajibu kwa wepesi usiokuwepo Kiserian.

Zuhura: Mteremko huo una kona, na huko kona zina mbuzi.

Mutua: Mbuzi, ng'ombe, na mchanga ambao mvua huusomba na kuuacha katikati ya lami. Mahali pamoja palikuwa na ukanda wa changarawe ndani ya kona ya kushoto, nami nilikwisha kupunguza mwendo kwa sababu tairi zilikuwa mpya na bado zinateleza kwa juu. Toleo hili la 2021 lina ABS, yaani mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukishika breki, lakini halina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze, kwa hiyo mkono wa kulia ndio mlinzi wako. Hata hivyo breki za mbele zilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote: vidole viwili vinatosha, na unahisi wazi kiasi cha nguvu unachotia. Sehemu ya mbele inatulia, inaingia pale macho yalipotazama. Hilo, dada, huwezi kulipata kwenye pikipiki yako ya safari.

Zuhura: Yangu inavuka shimo bila kuuliza, na tangi lake ni kubwa.

Mutua: Ni kweli, tangi la R7 hii ni lita 13 tu. Nilijaza mafuta Kiserian, na yakatosha kwenda na kurudi, ila singependa kujaribu zaidi ya hapo bila kujua kituo kinachofuata kiko wapi.

Zuhura: Ikifika huduma ya kwanza, utabadilisha nini?

Mutua: Oili na chujio, kama inavyotakiwa. Kisha nitalegeza kidogo marekebisho ya shokapu ya nyuma na ya uma, kwa sababu yanaweza kurekebishwa mbele na nyuma, nami nataka kuona kama matuta ya Kiserian yatapungua makali bila kuharibu ule utulivu wa kwenye kona. Wewe utaiendesha kwenda, mimi nitachukua yako.

Zuhura: Nimekubali, lakini tutaondoka alfajiri, kabla ya matatu za Rongai kuamka.